Mraba, ukili, kamba au mji: mpangilio upi wa picha kwa tovuti ya kazi zako

Kanga ilikuwa imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Mwenyewe, mama mmoja wa makamo mwenye duka la doti karibu na Darajani, Unguja, alinipa picha arubaini akataka ziwekwe kwenye tovuti yake zibanane kama vigae, mtu akifungua aone rangi tupu. Nikazipanga zote kwa mraba, nikamtumia kiungo, nikalala. Alfajiri simu inalia. "Mwanangu, hii kanga yangu mbona inawaambia watu wasafirie nyota za wenzao?"

Nikatazama. Kweli. Kile kimraba kilikuwa kimeikata picha kushoto na kulia. "Usi" imeliwa upande mmoja, na upande wa pili limesalia "mwen". Kanga iliyotoka kiwandani ikikanya, kwenye tovuti yangu ikawa inachochea.

Tangu hapo, mtu akija kutaka ukurasa wa vigae wa kuonyeshea kazi zake, awe mpiga picha, mchoraji, mshonaji au fundi wa mbao, swali langu la kwanza si rangi wala maandishi. Namuuliza: kazi zako zinavumilia mkasi? Maana kile ambacho wengi wanakiita mpangilio wa vigae, kwa hakika ni mipangilio minne tafauti, na kila mmoja una mtoto wake wa kambo. Iko aina ya picha ambayo utaikata, au utaipunja nafasi, au utaisukuma pembeni. Kuchagua ni kutafuta ule ambao mtoto wake wa kambo hayumo katika kazi zako.

Majina ya kitaalamu yanawachosha wateja, kwa hivyo karakanani kwangu tumeipa mipangilio hii majina yetu: mraba, ukili, kamba na mji. Nitaieleza mmoja mmoja, ila sitaigawia nafasi sawa, maana haistahiki sawa.

Mraba

Huu ndio rahisi. Kila picha inapewa kisanduku cha ukubwa mmoja, mistari imenyooka, kazi imekwisha. Kwa CSS, lugha ya kuupa ukurasa wa tovuti sura yake, unaitangaza gridi, unaiachia ihesabu yenyewe safu ngapi zinaenea kwenye kioo, kisha unaiamuru picha ijaze kisanduku chake kwa object-fit: cover. Hiyo cover ndiyo mkasi wenyewe.

Hesabu ya mkasi ni hii. Kamera nyingi kubwa hupiga picha ya uwiano wa 3 kwa 2, yaani upana kwa kimo. Ukiigeuza mraba, umetupa thuluthi nzima ya picha. Fremu ya video, 16 kwa 9, inapoteza saba juu ya kumi na sita, karibu asilimia 44. Mlango mrefu uliopigwa 1 kwa 2 unapoteza nusu: unabaki na komeo na misumari ya shaba, nakshi zote za juu zimekwenda.

Lakini ziko kazi ambazo mraba ni nguo yao. Michoro ya Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 na sasa umejaa kila kona ya Mji Mkongwe, tangu asili imechorwa sana kwenye vibao vya mraba. Mchoraji wa namna hiyo nampa mraba bila ya kusitasita. Vivyo hivyo sonara, muuza viungo vya pakiti, na yeyote ambaye kitu chake kimoja kinakaa katikati ya picha na pembeni pana uwazi.

Usiuchague kwa mazoea ya Instagram tu. Wao wenyewe walianza na mraba mwaka 2010, na Januari 2025 wakaigeuza gridi ya wasifu ikawa ya visanduku vya kusimama, 3 kwa 4. Waliokuwa wamepanga vipande vya mraba viungane kuwa picha moja kubwa waliamka wakakuta viungo havikutani.

Ukili

Anayeujua mkeka wa Kipemba anajua kwamba hausukwi kipande kimoja. Husukwa kwanza ukili, utepe mwembamba mrefu wa ukindu, kisha utepe huo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukapata upana wake. Kila ubavu unashuka na nakshi yake, na si lazima nakshi hiyo ilingane na ya jirani.

Mpangilio wa pili ndivyo ulivyo. Ukurasa unagawika safu wima, tuseme tatu, zote za upana mmoja. Picha haikatwi. Inakaa kwa upana wa safu, urefu wake unabaki kama ulivyo, na nyingine inafuata chini yake. Watu waliuzoea kupitia Pinterest, na sisi wajenzi wa tovuti tuliupata kwa miaka mingi kupitia programu ndogo iitwayo Masonry, iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya kuziendesha kurasa za tovuti, ya David DeSandro. Jina hilo maana yake ni uashi, kazi ya kupanga mawe yasiyolingana yakashikana, na aliyeona ukuta wa mawe na chokaa Shangani ataelewa. Hata hivyo mie naona ukili unaeleza zaidi, kwa sababu jiwe unaweza kulichonga likakaa, na ukindu haukatwi katikati ya nakshi.

Mtoto wa kambo wa ukili ni picha pana. Chukua safu ya upana wa pikseli 360, pikseli ni vile vidoti vya kioo. Picha ya kusimama ya 2 kwa 3 itapata urefu wa 540. Picha ya kulala ya 3 kwa 1, ile ya ngalawa zimejipanga na upeo wa bahari nyuma yake, itapata urefu wa 120. Yaani ya kusimama imepewa eneo mara nne na nusu ya mwenzake, na pengine kwa ajili ya hiyo ya ngalawa mpigaji aliamka saa kumi za usiku. Kijana mmoja wa Nungwi alijipangia ukili mwenyewe, kisha akaja kulalamika kwamba kila machweo yake yamekuwa utepe. Hapakuwa na cha kurekebisha. Alikuwa amechagua mpangilio unaopenda vitu virefu, na yeye anapiga vitu vipana.

Sasa mpe ukili mpiga picha wa milango, uone uso wake unavyokunjuka. Mlango wa Zanzibar ni kitu kirefu kwa asili: mbao mbili, mfaa katikati, nakshi pembeni, na juu yake kizingiti kilichonyooka au upinde wa mtindo wa Kihindi. Safu tatu za milango zinazoshuka bila ya kulingana ni kama kupita kwenye vichochoro vya Hurumzi. Mmoja unauona wote, wa jirani umeuona nusu, unasonga mbele kuufuata.

Tatizo la pili la ukili ni mfuatano, na hapa wengi wamenaswa. Iko njia nyepesi ya kuujenga bila ya JavaScript: CSS ina safu kama za gazeti, unaandika columns: 3, unaizuia picha isikatike baina ya safu mbili kwa break-inside: avoid, basi. Lakini gazeti husomwa kwa kushuka. Picha ya pili haikai kando ya ya kwanza, inakaa chini yake. Ukiwa na picha 24 za vimo vinavyokaribiana, zile tatu zinazoonekana juu kabisa kwenye kompyuta ni ya 1, ya 9 na ya 17. Ukiongeza mpya mwanzoni, zinahama zote. Masonry inafanya vingine: inachukua picha inayofuata na kuiweka kwenye safu iliyo fupi kuliko zote kwa wakati huo, kwa hivyo mfuatano unabaki karibu na ulioutaka, japo si kamili. Watengenezaji wa vivinjari wamejadiliana kwa miaka namna ya kuuingiza mpangilio huu ndani ya CSS yenyewe. Mpaka uone kwamba simu za wateja wako zinaukubali, usiuegemee peke yake.

Kamba

Fikiria kanga zilizoanikwa kambani. Moja imetandazwa yote, ya pili imekunjwa nusu, ya tatu robo, lakini zote zinaning'inia kimo kimoja. Mpangilio wa kamba ni mistari ya picha za kimo kimoja zenye upana tafauti, na kila mstari unajaza ukurasa kutoka ukingo hadi ukingo. Ndio unaouona kwenye tovuti za picha za Flickr na Google Photos, na Flickr waliitoa hesabu yake bure kwa kila mjenzi kuitumia.

Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Gawanya upana wa kila picha kwa kimo chake, jumlisha, kisha ugawe upana wa ukurasa kwa jumla hiyo. Picha ya 3 kwa 2 ni 1.5, ya 2 kwa 3 ni karibu 0.67, ya mraba ni 1. Jumla karibu 3.17. Ukurasa wa pikseli 1140 ukigawiwa hapo, kimo cha mstari ni 360, na picha zinapata upana wa 540, 240 na 360. Jumlisha uone kama hazitimii 1140. Ukiacha mianya baina yao, itoe kwanza kwenye ule upana wa ukurasa kabla ya kugawa.

Hakuna mkasi, na mfuatano umenyooka: kushoto kwenda kulia, kisha mstari unaofuata, kama unavyosoma. Mtoto wa kambo wa kamba ni kinyume cha yule wa ukili. Hapa anayepunjwa ni mrefu. Kwa kimo kile kile, picha ya kulala ya 3 kwa 2 inapata eneo mara mbili na robo ya ile ya 2 kwa 3 iliyosimama. Milango ukiianika kambani inakuwa njiti za kibiriti.

Tahadhari mbili za haraka. Mstari wa mwisho ukibakiwa na picha moja, usiulazimishe ujae, utapata picha moja kubwa kama bango la barabarani, iache fupi. Na zile picha tatu zilizopata kimo cha 360 kwenye kompyuta, kwenye simu ya upana wa 360 zitapata kimo cha 114 tu, na iliyosimama itakuwa na upana wa 76, sawa na picha ya kitambulisho. Simu ianike mbili mbili, au moja moja.

Mji

Sasa tufike kwenye ule ambao watu huwa nao kichwani wanaposema wanataka vigae kama mosaiki: kimoja kikubwa, viwili virefu, vidogo vidogo pembeni, vyote vimeshikana bila ya pengo.

Inasimuliwa kwamba kanga nayo ilianza kama gridi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walikuwa wakinunua kitambaa cha leso kabla leso hazijakatwa moja moja. Wakachukua leso sita, tatu juu na tatu chini, wakazishona zikawa nguo moja. Baadaye ikaanza kuchapwa nguo nzima, na pale palipokuwa na miraba sita iliyo sawa pakaja pindo ukingoni, mji katikati, na jina, yaani yale maneno. Ukitaka kujua tafauti ya mraba na mpangilio huu wa nne, ndiyo hiyo. Leso sita zilizoshonwa pamoja hazina mkubwa wala mdogo. Kanga ina mji, kwa sababu yupo aliyekaa akaamua katikati pakae nini.

Uwezo wa kuamua hivyo bila ya hila nyingi tuliupata Machi 2017, pale vivinjari vya Firefox, Chrome na Safari vilipoipokea gridi ya CSS ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo tulikuwa tunakokotoa kwa asilimia na kuomba Mungu. Sasa unakiambia kila kipande cha gridi kichukue visanduku vingapi kwa upana na vingapi kwa kushuka.

Huu hapa mpango wa safu nne kwa mistari minne ambao nimeutumia mara nyingi. Visanduku ni 16. Weka kirefu kimoja kona ya juu kushoto, kinashuka mistari miwili. Kando yake weka mji, safu mbili kwa mistari miwili. Kulia kabisa weka vidogo viwili, kimoja juu ya mwenzake. Mstari wa tatu unaanza na kipana cha safu mbili, kisha kidogo kimoja, kisha kirefu kinachoshuka mpaka chini. Mstari wa nne: kidogo, kisha kipana. Mji mmoja, virefu viwili, vipana viwili, vidogo vinne. Picha tisa, visanduku 16, hakuna tundu. Uchore kwenye daftari la miraba utaona unavyojizungusha, na jicho haliteremki moja kwa moja likatoka.

Hapa kuna jambo ambalo violezo vya kununua karibu vyote vinalikosea. Wanafanya kisanduku cha msingi kiwe mraba. Matokeo yake kipana ni 2 kwa 1 na kirefu ni 1 kwa 2, vipimo ambavyo kamera nyingi hazivipigi, na kila picha inaonja mkasi: ya 3 kwa 2 ikitiwa kwenye kipana inapoteza robo ya kimo chake. Fanya kisanduku cha msingi kiwe 3 kwa 2. Kidogo kinakuwa 3 kwa 2. Mji, ukiwa mara mbili kila upande, nao ni 3 kwa 2. Kirefu kinakuwa 3 kwa 4, ambacho ndicho kipimo cha simu nyingi ukiisimamisha kupiga picha. Katika vipande tisa, saba vinapokea picha karibu nzima kama zilivyotoka kwenye kamera au simu. Vinavyobaki ni vile vipana viwili vya 3 kwa 1, na hivyo wape ngalawa, au kanga iliyopigwa karibu ionekane jina tu. Laiti ningelijua hilo kabla ya ile alfajiri ya Darajani.

Mwanya baina ya vipande nao unazungumza. Pikseli nne mpaka nane, picha zinashikana na ukurasa mzima unaonekana nguo moja. Ishirini na nne, kila picha inasimama peke yake kama kwenye ukumbi wa maonyesho. Hakuna ubaya kwa upande wowote, ila usichanganye. Na usiweke picha mbili za bahari ubavu kwa ubavu kwenye mwanya mdogo, zitayeyuka zikawa moja. Nalisema hili kwa sababu sisi wa visiwani, kila mmoja wetu ana bahari kumi na tano kwenye simu.

Kipande kimoja kifanye jina. Kisanduku cha rangi tupu, bila ya picha, chenye maneno: wewe nani, unafanya nini, uko wapi. Kwenye kanga jina hukaa chini ya mji, na kwenye ukurasa pia hapo ndipo panapopendeza. Usiyafiche maneno yakasubiri mtu apitishe kishale cha kipanya juu ya picha. Anayetumia simu hana kishale, na maneno yako hatayaona maisha.

Kuna kishawishi cha kuiachia gridi ijazie matundu yenyewe kwa grid-auto-flow: dense. Inafanya kazi, na ukurasa unapendeza. Lakini inachukua picha ya nyuma na kuitia pengo la mbele, huku anayetembea kwa kitufe cha Tab, au kipofu anayesomewa na simu yake, akifuata mpangilio wa zamani ulioandikwa. Anarukishwa huku na huku bila ya kujua kwa nini. Kama kazi zako hazina mfuatano, si dhambi kubwa. Kama zinao, panga kwa mkono.

Na mtoto wa kambo wa mji? Ni wewe mwenyewe. Mipangilio mitatu ya mwanzo inajiendesha: unatupia picha, inajipanga. Mji unakutaka ukae chini kila unapoongeza kazi, uamue nani anakuwa mkubwa na nani anashuka cheo. Wanaoanza na mji kwa shauku, kisha picha ya kumi ikaja na haina pa kukaa, nawajua wengi. Ukurasa unabaki na kazi za miaka mitatu nyuma kwa sababu mwenyewe anaogopa kuugusa.

Picha inapotolewa

Hili halisemwi kwenye mafunzo ya kigeni, na kwetu ni kubwa. Unapiga harusi. Bibi harusi anakubali picha yake iwekwe kwenye tovuti. Mwaka unapita, mume au mama mkwe hapendi, unapigiwa simu: itoe leo. Na unaitoa, hapana mjadala.

Kwenye ukili picha za chini zinapanda, basi. Kwenye kamba mstari unahesabiwa upya. Kwenye mraba waliofuata wanasogea. Kwenye mji umetoboa kanga. Kama aliyetolewa ndiye alikuwa mji, ukurasa wote umepoteza kichwa. Kwa hivyo mpiga picha wa harusi akitaka mpangilio wa mji namwambia, kipande kikubwa kiwe mikono yenye hina, au ukumbi uliopambwa, au nguo kwenye kiango. Kitu ambacho hakina uso wa mtu na hakitaombwa kuondoka.

Uzito

Hapa sina maneno mengi kwa sababu mipangilio yote minne inashitakiwa kosa moja. Picha 24 zilizotoka kwenye kamera kwa MB 4 kila moja ni MB 96, na mtu wa bando la siku hatakusamehe. Zipunguze upana, uzihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na utayarishe saizi mbili tatu za kila picha ili kidogo kisipelekewe faili la mji. Andika upana na kimo cha kila picha ndani ya HTML, yaani maandishi ya msingi ya ukurasa, la sivyo picha zikiingia moja moja ukurasa unarukaruka na mtu anabonyeza asichokusudia. Ukili ndio unaoumia zaidi kwa hili. Za chini zicheleweshwe kupakuliwa mpaka msomaji azikaribie, lakini zile za juu usizicheleweshe. Google wanataka kipande kikubwa kuliko vyote cha mwanzo kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, na kwenye mpangilio wa mji kipande hicho unakijua kwa jina.

Nani achukue upi

Mpiga picha wa harusi: kamba. Harusi ni hadithi, kuna nikaha, kuna hina, kuna kupeleka, na kamba peke yake ndiyo inayohifadhi mfuatano bila ya kukata mtu. Akitaka mvuto wa mji, auweke ukurasa wa mbele tu, vipande tisa, na kila kipande kifungue kamba ya harusi moja.

Mpiga picha wa milango, wa mitindo, wa watu waliosimama: ukili. Wa fukwe na jahazi: kamba. Mchoraji wa Tingatinga na sonara: mraba, na asisumbuliwe.

Wenye kuchanganya, yaani mbunifu anayechora nembo leo, kesho bango la tamasha Ngome Kongwe, keshokutwa kifungashio cha karafuu, hao ndio mji uliumbwa kwa ajili yao. Kazi zao hazifanani vipimo wala hazina mfuatano, na wanahitaji kumwambia mgeni aanze wapi. Sharti ni moja: wawe tayari kuufumua na kuushona upya kila miezi michache. Asiye na subira hiyo namshusha kwenye ukili bila ya kumwonea haya.

Kikundi cha akina mama wa mikeka kutoka Wete kilinitia mashakani. Nilikuwa nimeshaamua ukili, kwa jina na kwa sura. Nani mwingine astahiki ukili kama si wao? Nikawapangia. Bibi mmoja akaishika simu mbali na macho, akaitazama, akasema, "Mjukuu wangu, mkeka huu hapa umeutia kwenye tundu la sindano." Alikuwa na haki. Mkeka uliotandikwa ni kitu kipana, na mie nimeutia kwenye safu nyembamba kwa sababu ya kupenda mfano wangu mwenyewe. Tuliishia kamba, mbili mbili kwenye simu, na kikapu kimoja kimoja pale mstari ulipohitaji kitu chembamba cha kujazia.

Kabla hujamlipa mtu wala kununua kiolezo, chapisha picha zako ishirini ndogo ndogo kwenye karatasi, uzikate, uzitandaze sakafuni. Zigawe mafungu mawili: zilizosimama na zilizolala. Fungu la kusimama likiwa kubwa zaidi, anza na ukili. La kulala likiwa kubwa zaidi, anza na kamba. Yakikaribia kuwa sawa, chukua kipande cha karatasi, kitoboe tundu la mraba, kipitishe juu ya kila picha uone kinachobaki. Kisha tumia mchana mmoja kujenga huo uliouchagua hata ovyo ovyo, umtumie kiungo mtu mwenye simu ya bei nafuu, akifungue akiwa ndani ya daladala ya Mwanakwerekwe, jua linapiga kioo. Usimuulize kama umependeza. Muulize ni picha gani aliyoiona ya kwanza, na kama kuna yoyote iliyokosa kichwa.